Jeni za Kinga na Hesabu ya Kisichoonekana

Mwaka 2014 wataalamu wanaosimamia daftari la taifa la Marekani la watu waliojitolea kutoa uboho walichapisha, katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, hesabu ambayo naona yampasa kila msomaji wa Kiafrika kuijua. Walisema kwamba Mmarekani mwenye asili ya Ulaya aliyepatwa na saratani ya damu, akihitaji uboho wa mtu asiyekuwa ndugu yake, ana nafasi ya asilimia 75 ya kumpata mtu ambaye jeni zake za kinga zinalingana kikamilifu na zake. Ilhali Mmarekani mweusi, mwenye maradhi yayo hayo, akitafuta katika daftari lilo hilo, nafasi yake ni asilimia 19 tu. Hawakuifikia hesabu hiyo kwa kungoja waone ni wagonjwa wangapi watapona na wangapi watafariki. Waliifikia kwa kukadiria, kwa msaada wa programu za takwimu, kila jeni ya kinga hutokea mara ngapi katika kila kundi la watu, na kila fungu la jeni zinazorithiwa pamoja hutokea mara ngapi. Kisha wakauliza, kwa hesabu hiyo hiyo, mgonjwa wa kundi fulani angetarajia kukuta watu wangapi wanaofanana naye.

Nimeona ni vema kueleza jinsi makadirio ya namna hii yanavyofanywa, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kompyuta husoma damu na kutoa jibu, na kazi ikaishia hapo. Na hali sehemu kubwa ya kazi hii ni kuhesabu kitu ambacho hakuna aliyekiona kwa macho wala kwa chombo, na kukihesabu kwa uaminifu.

Jeni zenyewe zimo katika mkono mfupi wa kromosomu ya 6, na ulimwenguni kote hutajwa kwa herufi tatu, HLA. Kazi yake ni kutengeneza protini zinazokaa juu ya chembe hai za mwili, zikichukua vipande vidogo vya yale yaliyomo ndani ya chembe na kuvionyesha nje, ili chembe nyeupe za damu zivikague na kupambanua kilicho cha mwili na kilicho cha adui, kama vile kirusi kilichojificha. Kwa kuwa maadui ni wengi na hubadilika kila siku, jeni hizi nazo zimekuwa na namna nyingi kupita jeni nyingine zote za binadamu: namna zilizokwisha kusajiliwa na kupewa majina zimepita 40,000. Wataalamu huziita namna hizo aleli. Kila mtu hubeba nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama, na ndiyo sababu ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kulingana kikamilifu, ambapo watu wawili waliookotwa njiani huenda wasilingane hata kidogo.

Ilimu hii ilianza kwa damu ya akina mama. Katika miaka ya mwisho wa 1950, Jean Dausset huko Paris, Jon van Rood huko Leiden, na Rose Payne huko Stanford, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba damu ya mtu aliyetiwa damu ya wengine mara nyingi, au ya mama aliyekwisha kushika mimba mara kadhaa, huwa na kinga zinazozishambulia chembe nyeupe za watu fulani na kuziacha za wengine. Maana mimba humletea mama alama za chembe ambazo mtoto amezirithi kwa baba, na mwili wa mama hujifunza kuzitambua. Lakini seramu ya mama mmoja, yaani majimaji ya damu yake, ilikuwa na kinga za aina nyingi zilizochanganyika, na kuzitenganisha kwa macho kulikuwa muhali. Van Rood alichukua majibu ya seramu nyingi dhidi ya chembe za watu wengi, akayatia katika kompyuta za wakati ule, na kutafuta ni seramu zipi zinazokubaliana na zipi zinazopingana. Na matokeo yalipochapishwa mwaka 1963 yakadhihirisha makundi ambayo mkono wa mtu peke yake usingeyapata. Kwa hiyo hesabu ya mashine haikuja baadaye kuipamba fani hii, bali ilikuwamo tangu siku za mwanzo. Dausset alipata tuzo ya Nobel mwaka 1980, pamoja na Baruj Benacerraf na George Snell. Na kabla ya hapo, mwaka 1972, wataalamu walikuwa wamekutana Evian, Ufaransa, kulinganisha jeni hizi katika makabila ya watu kutoka pande nyingi za dunia.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Tuseme tumepima watu 100 na kila mtu tumeweza kuzisoma nakala zake zote mbili. Hapo hakuna fumbo lolote: watu 100 wana nakala 200, na kama aleli fulani imeonekana mara 40, wingi wake ni 40 kwa 200, yaani asilimia 20. Mtoto wa shule aweza kuifanya hesabu hiyo.

Tabu huanza pale kipimo kinapoonyesha kwamba aleli ipo, lakini hakionyeshi kama ni nakala moja au mbili. Ndivyo zilivyokuwa seramu za zamani: mwenye nakala moja na mwenye mbili wote walijibu vile vile. Tuseme basi kati ya watu wetu 100, watu 36 wamejibu na 64 hawakujibu. Mwenye haraka atasema kwamba nakala ni 36 katika 200, yaani asilimia 18. Amekosea, kwa sababu miongoni mwa wale 36 wamo ambao wamebeba nakala mbili, naye kawahesabu kana kwamba wanayo moja. Lakini ni akina nani, na ni wangapi? Hakuna kipimo kilichotuambia.

Jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa na watu wawili waliofanya kazi bila kushauriana, Mwingereza G. H. Hardy na tabibu wa Kijerumani Wilhelm Weinberg, ambao mwaka 1908 walionyesha kwamba watu wakioana bila ya kuchaguana kwa ajili ya jeni fulani, nakala mbili za mtoto huwa kama zilizochaguliwa kwa bahati, kila moja peke yake. Kwa hiyo mtu asiyejibu ni mtu ambaye mara mbili mfululizo hakupata aleli ile. Wasiojibu ni 0.64, kipeuo cha pili cha 0.64 ni 0.8, kwa hiyo sehemu ya nakala zisizo aleli hiyo ni 0.8, na wingi wa aleli yenyewe ni 0.2. Felix Bernstein alitumia mizani ya namna hii mwaka 1924 katika makundi ya damu ya A, B na O, na kwa hesabu tupu, akiyalinganisha makadirio yake na tarakimu zilizokusanywa kwa watu wa mataifa mbalimbali, akaonyesha kwamba makundi hayo hurithiwa kwa aleli tatu za jeni moja, na si kwa jeni mbili kama wakubwa wa wakati wake walivyodhani.

Njia ya kipeuo ni nzuri pale aleli zinapokuwa chache. Jeni yenye aleli hamsini katika kabila moja, baadhi yake zikifichana, yahitaji njia nyingine, na hapa ndipo programu za kompyuta zinapopata kazi yao ya haki. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1955 na Ceppellini, Siniscalco na Smith kwa ajili ya jeni, na mwaka 1977 Dempster, Laird na Rubin wakaipa sura ya jumla inayotumika leo katika takwimu za kila namna. Siri yake ni kubahatisha kwanza, kisha kujisahihisha. Turudi kwa watu wetu 36. Programu huanza na kisio lolote, hata lile kosa la 0.18. Huuliza: kama wingi ungekuwa 0.18, ni sehemu gani ya watu 36 ingekuwa na nakala mbili? Hesabu hujibu kwamba ni watu 3.56. Basi nakala si 36 tena bali ni 39.56, na wingi mpya ni 0.198. Huuliza tena swali lile lile kwa wingi mpya: sasa wenye nakala mbili ni 3.95, na wingi ni 0.1998. Duru ya tatu hutoa 0.19997, na ya nne huongeza kisichoonekana. Imefika penye 0.2, palepale tulipofika kwa kipeuo, ila njia hii haichoki aleli zikiwa hamsini au mia tano.

Msomaji mwangalifu atauliza imekuwaje tuzungumze juu ya watu 3.56, na hakuna nusu ya mtu. Swali ni la haki. Programu haidai kwamba imewatambua watu wenyewe. Yasema tu kwamba katika umma wa namna hii, tungetarajia kadiri hiyo kwa wastani. Makadirio haya ni ya umma, wala hayamhukumu mtu mmoja, na anayeyatumia kumhukumu mtu mmoja ameyatoa mahali pake.

Siku hizi maabara husoma herufi za DNA zenyewe, na fumbo la nakala moja au mbili limepungua sana. Lakini limebaki fumbo kubwa zaidi. Jeni za HLA zimekaa karibu karibu katika kromosomu, kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja, na mtoto aghalabu huupokea uzi mzima bila kukatwa; na uzi huo ndio unaoitwa haplotaipu. Mtafutaji wa uboho hatafuti shanga mojamoja, hutafuta nyuzi. Maabara, hata hivyo, mara nyingi huleta orodha ya shanga tu. Chukua mtu ambaye katika jeni ya A ana A*30:01 na A*68:02, na katika jeni ya B ana B*42:01 na B*53:01. Je, alipokea kwa mzazi mmoja A*30:01 pamoja na B*42:01, au A*30:01 pamoja na B*53:01? Karatasi ya maabara haisemi. Kwa jeni mbili njia za kupanga ni mbili. Kwa jeni tano, zote zikiwa na aleli tofauti, njia zinafika 16.

Programu huyatatua haya kwa kuwatazama watu wote pamoja. Huona kwamba katika Waafrika A*30:01 na B*42:01 huandamana tena na tena, hata kwa watu ambao orodha yao haina shaka. Basi huipa njia ya kwanza uzito mkubwa na ya pili uzito mdogo, huhesabu upya wingi wa kila haplotaipu, hurudi kwa mtu yule na kupima uzito tena, na kuendelea hivyo mpaka tarakimu zitulie. Tabia hii ya aleli kuandamana kupita kiasi ambacho bahati ingeruhusu, ambayo Ulaya ya kaskazini huonekana kwa A1 na B8, ndiyo humpa mkadiriaji nguvu. Laiti kila aleli ingejiendea peke yake, fumbo lisingefumbuka.

Programu zinazofanya kazi hii ni kadhaa, na zilizo mashuhuri hutolewa bila ya malipo. Arlequin, aliyoiasisi Laurent Excoffier na wenzake huko Uswisi, hutumika kwa jeni za kila aina. PyPop, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha California huko Berkeley na kutangazwa mwaka 2003, iliandikwa hasa kwa ajili ya tarakimu za HLA. Mtumiaji huandaa jeduali: mstari mmoja kwa kila mtu, na nguzo mbili kwa kila jeni, huiambia mashine inachopaswa kusoma, naye hurudishiwa wingi wa kila aleli, makadirio ya haplotaipu, na mizani kadhaa za kupimia kama tarakimu zina afya. Makadirio ya makabila mengi ya dunia yamekusanywa mahali pamoja katika hazina iliyofunguliwa mwaka 2003, ambayo yeyote mwenye intaneti aweza kuisoma.

Katika hizo mizani, ile ambayo mimi huithamini kupita zote ni mizani ya Hardy na Weinberg. Programu hulinganisha idadi ya watu wenye nakala mbili za aleli moja na idadi ambayo kanuni ilitarajia. Wakizidi, pana jambo. Huenda maabara imeshindwa kuona aleli fulani, na mtu mwenye aleli mbili tofauti akaandikwa kana kwamba anazo mbili za namna moja. Au huenda mkusanyaji amechanganya katika jeduali moja watu wa nasaba mbalimbali wasiooana sana, akawaita kwa jina moja. Kosa hili la pili ndilo lililoifanyia Afrika dhuluma kubwa, kwani kwa miaka mingi vitabu viliandika «Mwafrika mweusi» kana kwamba bara zima ni kijiji, na hali tofauti za jeni za HLA kati ya makabila mawili ya Afrika yaliyo jirani zaweza kuwa kubwa mno.

Mfano upo hapa kwetu. Abakaviri ni dawa njema ya virusi vya UKIMWI, lakini baadhi ya wanaoitumia hupatwa na homa, upele, na dhiki ya mwili mzima inayoweza kuua, hasa wakirudia dawa baada ya kuiacha. Mwaka 2002 watafiti wa Perth, Australia, walionyesha kwamba dhiki hiyo huwapata wenye aleli ya HLA-B*57:01, na uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 ukathibitisha kwamba kuwapima wagonjwa kabla ya kuwapa dawa huiondoa. Sasa, wangapi wanayo? Mwaka 2010 Charles Rotimi na Lynn Jorde, wakitumia damu iliyokusanywa kwa ajili ya ramani ya kimataifa ya jeni, waliandika kwamba kwa Wayoruba wa Nigeria wingi wa aleli hiyo ni sifuri, kwa Waluhya wa Kenya ni asilimia 3.3, na kwa Wamasai wa Kenya ni asilimia 13.6. Waluhya wale walikuwa wa Webuye na Wamasai wale wa Kinyawa, katika nchi moja na chini ya wizara moja ya afya. Mtu akiwachanganya sawa kwa sawa atapata asilimia 8 na ushei, tarakimu isiyowafaa Waluhya wala Wamasai, na ambayo haimhusu mtu yeyote aliye hai.

Dawa nyingine hutoa ushahidi wa namna hiyo hiyo: karbamazepini, dawa ya kifafa, ilichunguzwa Taiwan, na mwaka 2004 ikaandikwa kwamba wagonjwa wote 44 wa Kichina waliobabuka ngozi vibaya kwa dawa hiyo walikuwa na aleli ya B*15:02, ambapo katika watu 101 walioistahimili ni 3 tu walioibeba.

Wala tofauti hizi hazikuja bure. Mwaka 1991 Adrian Hill na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa Gambia, wakaonyesha kwamba aleli ya B53, iliyo nyingi Afrika ya Magharibi na nadra Ulaya na China, hupatikana kwa uchache zaidi kwa watoto waliozidiwa na malaria kuliko kwa wenzao. Yaani aleli hiyo humkinga mtoto, na malaria, kizazi baada ya kizazi, imeipandisha wingi wake katika watu wale. Anayekadiria wingi wa jeni za kinga katika kabila, pasipo kukusudia, anasoma tarehe ya magonjwa waliyopigana nayo mababu wa kabila hilo. Na kwa kuwa mababu wa Afrika wamekaa muda mrefu kupita wengine katika ardhi yao na kupambana na maradhi mengi, uwingi wa namna zao ni mkubwa, na ndiyo moja ya sababu Mmarekani mweusi wa mwanzo wa makala haya hupata tabu kumpata wa kufanana naye. Sababu nyingine, ambayo yaweza kurekebishwa, ni kwamba watu wa nasaba yake walioandikishwa katika madaftari ya uboho ni wachache.

Limebaki jambo moja, nalo ni ile sifuri ya Wayoruba. Sifuri katika jeduali haina maana kwamba aleli haipo. Ina maana kwamba haikuonekana kwa waliopimwa. Tuseme tumepima watu 100 wa mji fulani, nakala 200, na aleli haikuonekana hata mara moja. Hesabu hutuambia kwamba wingi wake wa kweli, kwa uhakika wa asilimia 95, waweza kufika hadi asilimia 1.5, na wingi wa asilimia 1.5 ya nakala ni karibu watu 3 wanaoibeba katika kila 100. Zahanati inayotibu wagonjwa 10,000 yaweza kuwa na watu wapatao 300 wenye aleli ambayo jeduali limeiandikia sifuri. Wakipimwa watu 1,000 badala ya 100, na sifuri ikasimama palepale, kikomo kile hushuka hadi asilimia 0.15, na waziri anayeamua kama atanunua vipimo ana msingi wa kuamulia. Kwa sababu hiyo PyPop, kabla ya kuorodhesha aleli hata moja, huandika juu ya jeduali idadi ya watu waliopimwa na idadi ya nakala zao, na hapo ndipo msomaji aanzie kusoma.